Tiba ya Namba Shufwa

Ukiona kwenye kadi yako ya hospitali wameandika "tiba shufaa", kitu cha kwanza ficha viatu vyako. Nasema kwa uzoefu. Viatu vyangu vya shule viligawiwa nikiwa bado navihitaji, na aliyepewa ana miguu midogo kuliko mimi, kwa hiyo akavijazia magazeti kwa mbele ili vimkae. Viliporudi kwangu vilikuwa na habari za michezo za wiki nzima.

Naitwa Restituta, Resti kwa kifupi, mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Karatu. Mapafu yangu ni mabovu. Nikiwa darasa la tatu niliugua TB, nikameza dawa zote hadi kidonge cha mwisho, nikapimwa, nikaambiwa nimepona. Na kweli TB ilihama, ila ilihama kama mpangaji aliyefukuzwa: iling'oa swichi, ikavunja vioo, ikaacha bomba linavuja. Tangu hapo nakohoa na kutoa makohozi kila siku ya Mungu, na kila mwaka pumzi inapungua kidogo. Sayansi yake sitaieleza kwa sababu baiolojia nina D, tena D ya huruma. Unachotakiwa kujua ni kwamba siambukizi, siponi, na bado nipo.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo amekaa kwenye benchi la hospitali, ameshika kadi, hajui acheke au alie. Cheka kwanza. Kulia kunamaliza pumzi, na kucheka kunamaliza pumzi vilevile, ila ukicheka angalau umefaidi.

Mambo yaliharibika mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni dakika ishirini kwa mtu mwenye mapafu. Mimi zikafika arobaini, kisha saa nzima. Nilikuwa nasimama mbele ya kila duka najifanya naangalia bidhaa, mpaka muuza vipuri mmoja akaniuliza nataka shokapu za gari gani. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba kama vijiti vya kupigia ngoma. Sketi ilikuwa inazunguka kiunoni yenyewe, asubuhi zipu naiacha nyuma, mchana naikuta tumboni. Midomo ikawa ya bluu. Rafiki yangu Witness, ninayekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, akasema wenzangu wanatafuta rangi hiyo kwenye maduka ya vipodozi na hawaipati.

Witness ndiye aliyenipa jina la Resti in Pisi. Kwa wasiojua lugha yetu, pisi ni msichana mrembo. Wengine darasani waliona ni ukatili. Mimi nilimwambia kwenye pisi hajakosea, hayo mengine tusubiri.

Siku moja tuko mstarini, wimbo wa taifa unaimbwa, nikaona bendera inapanda na mimi nashuka. Nilipozinduka nilikuwa wodini na mpira wa oksijeni puani. Nikakaa wiki mbili. Mama alilala chini ya kitanda changu kwenye mkeka siku zote hizo, na kila nikikohoa mkono wake ulikuwa unapanda kama periskopu kuangalia kama nipo.

Niliruhusiwa siku ya Jumatatu. Daktari aliandika dawa, akatuazima mashine ya oksijeni ya kutumia nyumbani, na chini kabisa ya kadi akaandika: Alhamisi, tiba shufaa. Hakueleza. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mtu wa nyuma yetu alikuwa ameshaanza kuvua shati.

Basi kila mtu akasikia la kwake.

Mimi nilisikia hesabu. Shule ya msingi tulifundishwa namba witiri na namba shufwa: moja, tatu, tano ni witiri, mbili, nne, sita ni shufwa. Nikamwambia Mama, "Hii ni tiba ya namba shufwa. Nitakuwa nameza vidonge viwili viwili." Mama hakucheka. Alikuwa anaiangalia ile kadi kama barua iliyokosea anwani.

Jioni akaenda dukani kwa Bi Zuhura, jirani yetu, mwanamke wa Kiislamu anayejua maneno magumu kuliko walimu wetu wote wa Kiswahili. Hii nilisimuliwa na Bi Zuhura mwenyewe. Mama aliuliza, "Bi Zuhura, hivi shufaa ni nini?" Bi Zuhura alikuwa anapima sukari, akajibu bila kuinua macho, na alijibu sahihi kabisa: "Shufaa ni uombezi, mama. Siku ya Kiama, unaombewa usamehewe."

Mama akasikia Kiama. Sukari aliiacha kaunta.

Kesho yake asubuhi Shangazi Fabiola alikuwa ameshafika. Huyu ni dada mkubwa wa Baba, kiongozi wa jumuiya ya kanisani, na ana uso maalumu wa misiba ambao huuvaa akiwa bado njiani. Aliingia chumbani, akanishika shavu, akasema, "Mwanangu, umepambana sana. Sasa pumzika."

Naomba niliseme hili neno. Ukisikiliza matangazo ya vifo utalikuta: amepumzika. Ndani yake kuna pumzi, sijui nani aliiweka humo, maana mtu akishapumzika kwa namna ile pumzi hana. Wiki ile niliambiwa nipumzike mara nyingi kuliko nilivyopumua. Nikiomba daftari, pumzika. Nikitaka kukaa barazani nione watu, pumzika. Wageni wakaanza kuja na unga na mchele, wanakaa sebuleni wamepakata mikono, wananong'ona huku nimewakodolea macho. Mama mmoja wa kwaya akamwuliza Mama, mimi nikiwa palepale, "Alikuwa anapenda wimbo gani?"

"Bado napenda," nikamjibu. Akaruka kidogo.

Aliyenielewa wiki ile alikuwa mashine peke yake. Niliipa jina Mheshimiwa, kwa sababu inaongea kutwa nzima bila kupumua, na siku ukiihitaji kweli, umeme unakatika, huioni.

Alhamisi Mama alikataa kwenda. Alisema miguu inamuuma, lakini nilijua kinachomuuma ni masikio. Nikaenda na Baba. Baba ni fundi magari, gereji yake iko barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, na hana lugha nyingine zaidi ya hiyo kazi. Watu wakimwuliza naumwa nini anawaambia, "Injini nzima. Eya klina, ile ya kuchuja hewa, ndiyo imekufa."

Kwenye benchi la kliniki nilikuwa mdogo kuliko wote kwa miaka kama hamsini. Pembeni yangu alikaa bibi wa Kimasai aliyetoka juu, Ngorongoro, watu wanamwita Koko, yaani bibi. Amepika na kulala na moshi maisha yake yote. Tulikuwa tunakohoa kwa zamu, akimaliza yeye naanza mimi, kama kwaya mbili kwenye ibada ndefu. Alikuwa na mfuniko wa hotipoti, anajipepea nao usoni, kisha bila kusema kitu ananipepea na mimi.

"Wewe mtoto," akaniuliza, "nani amekupa ugonjwa ya wazee?"

"Niliuokota, Koko."

"Rudisha."

Saa tatu nzima tulikaa pale, na katika saa hizo tatu sikuambiwa nipumzike hata mara moja. Hayo ndiyo mazuri ya benchi la wagonjwa, kila mtu ana shida yake.

Nesi wa tiba shufaa ni Sista Veneranda, mama mnene mwenye raba nyeupe, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Akaniuliza kama najua nimekuja kufanya nini. Nikamweleza habari ya namba shufwa. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini, kisha akasogeza kiti karibu.

"Tiba shufaa ni kukupunguzia mateso, wewe na hao wanaokuuguza, wakati ugonjwa wenyewe upo," akasema. "Siyo foleni ya kufa. Watu wanakuwa nayo miaka. Wanalima nayo. Wengine wanakuja hapa kunigombeza nayo."

Baba akakohoa, yeye ambaye haumwi. "Kwa hiyo, Sista, ni sevisi. Siyo skrapa."

"Ni sevisi, baba."

Baba akasimama, akasema anatoka mara moja kuangalia gari. Hatukuja na gari.

Alipotoka nilimwuliza Sista kama nitakufa. Sikuwa nataka kumwuliza Baba akiwepo, maana angeanza kutafuta spana. Sista hakuangalia dirishani kama wengine. "Sitakudanganya," akasema. "Mapafu hayatarudi. Lini, sijui, na atakayekwambia anajua usimwamini. Wewe unataka kufanya nini?"

"Mtihani wa kidato cha nne."

"Basi tuutibu mtihani."

Akanisimamisha, akanitembeza koridoni. Hatua mbili navuta hewa puani, hatua nne naitoa mdomoni, midomo nimeibana kama napoza uji. Mbili ndani, nne nje. Nilifika mwisho wa korido bila kushika ukuta, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu Krismasi. Nikageuka. "Sista, hizi ni namba shufwa."

"Nilijua utaliona hilo," akasema. "Rudi sasa, mwanahisabati."

Nilirudi nyumbani siku ile najiona mkubwa kama lori la vitunguu la Mang'ola. Ilidumu hadi Ijumaa alasiri, Witness alipokuja. Jina lake linamfaa, hakuna jambo shuleni linalotokea yeye asiwepo.

"Resti, wamekufuta."

"Wapi?"

"Orodha ya watahiniwa. Shangazi yako alikuja juzi na barua, mama yako kasaini. Madamu Mkuu akapiga mstari juu ya jina lako. Kwa rula."

"Kwa rula kabisa?"

"Rula. Na Jumanne orodha inapelekwa wilayani, ikienda imeenda." Akaangalia miguu yangu kitandani. "Halafu Neema amevaa viatu vyako. Nimevijua kwa ile waya ya baba yako."

Neema ni binti wa Shangazi. Waya ni ya gereji, Baba aliitumia kufungia bizimu la kiatu lililokatika. Nilikaa kimya, na mimi kukaa kimya ni dalili mbaya kuliko homa.

Jioni ile nyumba ilichafuka. Baba aliwaeleza habari ya sevisi na skrapa. Mama akamwambia, "Wewe kila kitu kwako ni gari." Baba akasema yeye amesikia kwa masikio yake na Mama hakwenda. Mama akaondoka kwenda jikoni. Shangazi akabaki amesimama katikati ya sebule kama nguzo ya umeme.

"Mtoto ameanguka mstarini mbele ya shule nzima," akasema. "Mnataka afie darasani?"

"Shangazi," nikasema, "nikifia darasani nitakuwa nimeshajua jibu la swali la sita. Nikifia hapa sebuleni nitakuwa najua nini? Rangi ya pazia?"

Nilikuwa na hoja nyingine nzuri kuliko hiyo, lakini pumzi ikaisha. Hiyo ndiyo shida kubwa ya ugonjwa huu, haiandikwi popote: unashindwa ubishi ukiwa na haki.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya mgongo. Sista alikuwa amemfundisha Baba, Baba akamfundisha Mama. Nalala kifudifudi, mto chini ya kiuno, kichwa kimening'inia nje ya kitanda, halafu napigwa mgongoni kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe ili makohozi yateremke. Siku ya kwanza jirani wa nyuma alikuja mbio na mwiko mkononi, "Mama Resti, unampiga mgonjwa?" Mama alikuwa anapiga kwa mdundo wa kwaya, bila kujua.

Jumamosi ile mdundo ulikuwa wa polepole.

"Ni moshi wangu," Mama akasema. Mimi naona sakafu na kucha zake za miguu tu. "Nilikuwa nakufunga mgongoni, napika makande kutwa nzima kwa kuni. Baba yako akasema gesi, nikasema maharage hayaivi kwenye gesi."

"Mama, ilikuwa TB."

"TB na moshi."

"Basi na vumbi la magari ya watalii, na baridi inayoshuka toka msituni, na chaki. Tuwashtaki wote."

Akacheka, kisha tone likaanguka mgongoni kwangu, la moto. "Nikikupeleka shule ukaishia huko, nitajiambia nini? Kwamba nilisaini?"

Viganja vikasimama. Ningeweza kusema kitu cha maana hapo, kama wanavyosema watu kwenye simulizi za watu wengine. Nilisema, "Piga, Mama. Makohozi hayajaisha." Akapiga.

Sasa, bado kuna mtu mmoja ambaye alilisikia lile neno. Baba alikuwa amempigia simu babu yangu, baba yake mzazi, tunayemwita Akoo. Akoo anaishi Mbulumbulu, na mtandao wa kule unapatikana ukisimama kwenye kichuguu. Baba alimwambia daktari ameandika shufaa. Na sisi Wairaqw tuna kitu kinaitwa slufay. Ni maombi ya wazee: mmoja anatamka baraka mstari kwa mstari, wengine wote wanaitikia kwa pamoja. Ile sauti ya mwanzo, ukiitamka Kiiraqw sawasawa, ulimi unapuliza hewa kwa pembeni, na kwenye simu mbovu huwezi kuitofautisha na "sh".

Jumapili baada ya misa Akoo akaingia na wazee wenzake wawili, blanketi mabegani, fimbo mkononi.

"Nimeambiwa daktari ameandika slufay," akasema akiwa bado mlangoni. "Nimesubiri maisha yangu yote hospitali ipate akili."

Baba akaanza, "Baba, lile neno ni shu..."

"Kaa."

Baba akakaa. Ana miaka hamsini na gereji yenye watu sita, lakini alikaa. Nilitolewa nje pamoja na kiti, Mheshimiwa akavutiwa waya hadi barazani. Bi Zuhura alikuja na kiti chake mwenyewe, alisema kwa kuwa yeye ndiye aliyeanzisha, hawezi kubaki nyuma. Shangazi alikuwepo na uso wake. Mama alisimama karibu na mlango wa jikoni, kama mtu anayesubiri chungu.

Akoo akaegemea fimbo. "Kabla sijaanza. Slufay haisemwi hewani. Mvua tunaiombea ije shambani, ng'ombe tunawaombea wafike malishoni. Huyu mtoto tunamwombea afike wapi?"

Mheshimiwa peke yake ndiye aliyekuwa anaongea.

"Apumzike, Baba," Shangazi akasema.

Akoo akamgeukia. "Fabiola, hiyo sijawahi kuisemea slufay hata siku moja. Mtu akipumzika tunachimba. Slufay ni ya wanaoendelea. Daktari msomi kaandika slufay, maana yake kaona mtoto yuko njiani. Nauliza njia ya wapi."

"Shule, Akoo," nikasema. "Nina mtihani. Ila jina langu limefutwa." Nikavuta hewa. "Kwa rula."

"Nani kafuta?"

Wote wakaangalia chini, hata wazee wawili ambao hawakuwa na kosa. Shangazi akafungua mdomo. Lakini Mama ndiye aliyenyoosha mkono, juu kabisa, kama mwanafunzi aliyechelewa kipindi.

"Mimi, Baba. Nilisaini mimi."

Akoo hakumkemea. Akatikisa kichwa, akavua kofia, akaanza.

Siwezi kuyapanga yote kwa Kiswahili, yanakataa. Aliomba masika ije bila baridi yake. Aliomba moshi upande juu na usijue njia ya kurudi. Kikohozi akakituma bonde la Eyasi kikakae na chumvi, kisioe, kisizae. Kila mstari tuliitikia. Hapo ndipo nilipogundua kitu: mstari wa Akoo unatosha kuvuta pumzi, na mwitikio unatosha kuitoa. Mbili ndani, nne nje. Wairaqw walikuwa na mazoezi ya Sista Veneranda siku zote na hawakumwambia mtu. Nikaitikia mstari hadi mstari, sikukosa hata mmoja, mimi ambaye sikuweza kumaliza hoja zangu Ijumaa. Shangazi naye aliitikia, tena kwa nguvu kuliko wazee, maana Shangazi hajui kufanya kitu chinichini. Bi Zuhura alikuwa anasema amina mahali pake.

Akoo akafika kwenye karatasi. "Karatasi ya mtihani ifunguke mbele yake kama mlango wa mtu anayemfahamu."

Tukaitikia wote, isipokuwa Mama. Akoo hakuendelea na mstari mwingine. Alisubiri, fimbo imesimama. Bodaboda ikapita barabarani, vumbi likatulia. Ndipo Mama akaitikia, peke yake, sauti imepasuka katikati.

Jumatatu mimi na Mama tulikwenda shuleni. Niliikataza bodaboda isiingie getini. Kutoka geti hadi ofisi ya Mkuu ni hatua mia moja thelathini na mbili, nilizihesabu, na Mama alikuwa anazihesabu kwa kunong'ona pembeni yangu, mbili, nne, mbili, nne, mpaka mlinzi akadhani tunasali. Nilivaa kandambili. Nilisimama mara tatu. Darasa letu lilikuwa linaangalia dirishani na Witness alikuwa anatangaza kama mpira: "Resti anachukua, anasimama, anaangalia juu, anaendelea."

Madamu Mkuu ni mtu wa taratibu. Akasema aliyesaini barua ya kumtoa aandike ya kumrudisha. Kisha akaivua miwani. "Mama, nisaidie. Akizidiwa hapa tutafanya nini?"

Nilijua Mama akisita hapo, nimekwisha. Orodha ilikuwa mezani, ile laini ya rula naiona.

"Mtamkalisha," Mama akasema. "Mtafungua dirisha. Mtampepea usoni, hata kwa daftari. Msimwambie alale, halali. Yeye mwenyewe anajua kuhesabu. Ikishindikana mnipigie, nitakuja na baba yake." Akavuta karatasi, akaandika. Mwandiko wa Mama ni mkubwa, ulijaza ukurasa.

Kwa kuwa jina la zamani lilikuwa limekatwa, Madamu aliniandika upya mwisho kabisa wa orodha. Namba mia moja na kumi na tatu. Nikaiangalia.

"Madamu, hii ni witiri. Mimi tiba yangu..."

"Nyamaza," Mama akasema. "Saini."

Sasa ni mwezi wa nane. Masika ilikuja, Akoo anadai ni kazi yake. Ukungu wa mwezi wa sita ulishuka toka Ngorongoro ukakaa wiki tatu, na mwezi wa saba nililazwa tena, siku tisa, hali mbaya kuliko ile ya kwanza. Sitaipamba. Kulikuwa na siku sikuweza kunywa maji na kupumua kwa zamu moja. Sista alinipa dawa ya maji kwa kijiko kidogo ya kutuliza ile hofu ya kukosa hewa. Mama aliificha kwanza, alisikia ni ya watu wanaoondoka. Sista akaja nyumbani, akakaa jikoni naye saa nzima, na nilipoipata kwa mara ya kwanza nililala nimekaa, nikaota nakimbia, nikaamka na njaa. Jiko siku hizi liko nyuma kabisa ya nyumba, na maharage yanaiva kwenye gesi, ila Mama hataki mtu aseme. Baba amemfungia Mheshimiwa betri la gari na kifaa cha kubadili umeme, kwa hiyo sasa hata ukikatika anaongea.

Koko simwoni benchini tangu mwezi wa sita. Niliuliza, nikajibiwa. Siku ile sikutaka kutania, nikakaa mahali pake nikajipepea. Mfuniko aliniachia kwa Sista. Ungekuwepo, Koko, ningekwambia bado natafuta ofisi ya kuurudishia huu ugonjwa.

Wiki iliyopita tumemaliza mtihani wa majaribio. Siku ya mwisho Shangazi Fabiola alikuja kunichukua mwenyewe, kanga mbili mabegani, akanishikia mkoba. Viatu vilikuwa miguuni kwangu, waya ya Baba inang'aa. Shangazi ndiye aliyevirudisha ile Jumatatu jioni, amevipaka dawa hadi soli, ila magazeti alisahau kuyatoa. Tukatembea hadi mti wa kwanza baada ya geti. Nikasimama, nimeshika magoti. Akanitazama, uso wa misiba ukaanza kujipanga.

"Mwanangu, sasa pum..."

Akalishika neno mdomoni. Nilimwona akilitafuna, akatafuta lingine, akakosa, akaangalia barabarani. Kisha akaweka mkoba chini, akatoa daftari langu la hisabati, akaanza kunipepea nalo.

"Mbili," akasema. "Nne. Haya. Twende."